MX150 ya GB 2: GTA V utacheza, FC 25 usiitegemee

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Morogoro. Nimepata Lenovo ThinkPad T480 iliyotumika: Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, na kadi ya grafiki ya NVIDIA GeForce MX150. Muuzaji anasema ina grafiki ya GB 6 na inacheza gemu zote. Mimi nataka GTA V na FC 25 (ile gemu ya mpira), zaidi ya hapo ni kazi za chuo. Anataka laki saba. Je, itaweza? Na ikishindwa, naweza kubadilisha kadi baadaye?

JIBU: Marahaba. GTA V ile ya mwaka 2015 utacheza. FC 25 usiitegemee. Kadi haibadilishwi, na hilo nitalirudia mwishoni.

Tuanze na hiyo GB 6, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapigwa. MX150 ya T480 ina GB 2 tu za kwake. Mwambie muuzaji afungue Task Manager, aingie Performance, kisha abonyeze GPU yenye jina la NVIDIA. Chini ya michoro utaona kumbukumbu ya kadi yenyewe, GB 2.0, na karibu yake kumbukumbu ya kuazima, kama GB 3.9. Jumla inasoma 5.9, na hiyo ndiyo "GB 6" unayouziwa. Windows inairuhusu kadi kuazima hadi nusu ya RAM ya kompyuta. Kwa hesabu hiyo, ukiweka RAM ya GB 16 kadi itakuwa "imekua" hadi GB 10 bila mtu kuigusa! Sisemi muuzaji wako ni tapeli. Wengi wanasoma tu walichokiona kwenye skrini. Lakini gemu ikishamaliza zile GB 2 na kuanza kuazima, utaijua hapo hapo: picha inakwama, inaruka, inakwama tena. RAM ni ya polepole kuliko kumbukumbu ya kadi, na prosesa nayo inaitumia muda huo huo.

Hata hizo GB 2 zisikupumbaze. Kadi nyingine ya NVIDIA, GTX 1050, kwenye laptopu nyingi nayo ina GB 2, ila ina viini 640 (vitengo vidogo vinavyofanya hesabu za picha) na njia ya kumbukumbu ya biti 128, inayopitisha GB 112 kwa sekunde. MX150 ina viini 384 na njia ya biti 64, GB 48 kwa sekunde. GB ni zile zile, kazi ni tofauti kabisa. Kwa hiyo ukienda kukagua, nenda na GPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure. Ukurasa wake wa kwanza unaonyesha viini, upana wa njia na aina ya kumbukumbu. Siku ukikutana na kadi ya zamani kama 940MX, angalia hiyo aina: zipo zenye GDDR5, kumbukumbu ya kasi, na zipo zenye DDR3, ya polepole. Ya DDR3 iache hapo hapo dukani.

Kuna jambo jingine ambalo halijaandikwa kwenye stika. MX150 zilitoka za aina mbili chini ya jina moja: ya wati 25 na ya wati 10. Ya wati 25 inaanzia spidi ya MHz 1468, ya wati 10 inaanzia MHz 937. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya theluthi moja. Kuzitambua ni rahisi: fungua Device Manager, bonyeza mara mbili jina la kadi, nenda Details, chagua Hardware Ids. Ukiona DEV_1D10, ndiyo ya wati 25. Ukiona DEV_1D12, ni ile iliyobanwa kwa ajili ya laptopu nyembamba, nayo mimi nisingeihesabu kuwa ya gemu.

Sasa gemu zenyewe. GTA V ya 2015 ilitaka kadi ya GB 1 kwa uchache na RAM GB 4, kwa hiyo MX150 ya wati 25 inaimudu. Weka ukubwa wa picha wa 720p na mipangilio ya kawaida, zima vivuli vizito na MSAA (ya kulainisha kingo za picha), itatembea vizuri. 720p ina pikseli chini ya nusu ya zile za 1080p, na kwenye skrini ya inchi 14 hutaumia sana. Usichanganye na toleo la Enhanced lililotoka Machi 2025, hilo linadai kadi ya GB 4 kwa kuanzia. Na jiandae na nafasi: GTA V peke yake itakula zaidi ya robo ya SSD yako.

FC 25 inataka walau GTX 1050 Ti ya GB 4. Hicho ndicho kiwango cha chini, na wewe uko mbali nacho. Inaweza kufunguka, ila mechi ya kukwamakwama pale unapotaka kupiga shuti haina raha. Kama shida ni mpira tu, PES 2017 itakwenda bila tatizo, na PES 2021 utaicheza ukishusha mipangilio.

Kabla ya kutoa hela, icheze gemu dukani nusu saa ikiwa kwenye chaja. Dakika tano hazitoshi. T480 ina feni moja inayopoza prosesa na kadi kwa pamoja, na mashine ya miaka hii mara nyingi pesti yake ya kupitisha joto imekauka na feni imejaa vumbi. Ikianza vizuri halafu fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikaporomoka baada ya dakika kumi na tano, tatizo ni joto. Kusafisha na kupaka pesti mpya kunasaidia, na una sababu ya kuomba apunguze bei. Ikiwa nzito tangu mwanzo, hakikisha gemu haitumii grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa: kwenye Settings ya Windows, upande wa Display halafu Graphics, ichague gemu na uipe High performance.

Kubadilisha kadi hakuna, imechomelewa kwenye bodi. Makasha ya nje ya kuchomeka kwa Thunderbolt yapo, ila kwa bei ya kasha pamoja na kadi ni afadhali uongeze kidogo utafute Acer Nitro 5 yenye GTX 1650 ya GB 4. Kama FC 25 ndiyo roho yako, subiri hiyo. Kama ni chuo kwanza na GTA V wikiendi, T480 ni mashine imara, ila laki saba kwa maelezo ya "GB 6" mimi nisingetoa. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo mshushe bei ya kutosha kununua RAM ya pili ya GB 8, kwa sababu GTA V, Windows na kivinjari vikiwa wazi pamoja vitazimaliza hizo GB 8 mapema.