Re: Nijenge vyumba Mangamba au ninunue kiwanja Lindi kabla sijastaafu?

Habari za jioni, Mwalimu. Nimekuelewa: umebakiza miaka sita kufika 60, una kiwanja Mangamba, hapa Mtwara, chenye karatasi ya mauziano tu, na dalali anakusukuma ununue kingine Lindi kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o.

Kwanza karatasi. Kabla ya kununua hata tofali, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na namba ya kiwanja, uone ramani ya upimaji na kama eneo ni la makazi. Muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Kama kimepimwa, fuatilia hati kwa jina lako ungali na mshahara.

Lindi mimi nisingekwenda. Mradi ule unasubiriwa zaidi ya miaka kumi sasa. Hapa Mtwara bomba la gesi la kwenda Dar lilipokamilika 2015, wageni waliokuja kwa kazi hiyo waliondoka, na nyumba zilizojengwa kwa kuwalenga wao zikakaa wazi. Vyumba vyangu vya kawaida havikukosa watu, maana wapangaji wangu ni manesi, walimu na wanachuo. Hao ndio wa kuwajengea.

Anza na vyumba viwili vyenye choo ndani na tangi la maji. Usibane bei kwenye bati wala rangi ya nondo za madirisha, chumvi ya bahari inakula haraka. Kiinua mgongo usikiguse kwa ujenzi, vyumba vijengwe na mshahara polepole.

Na mwenzako ajue kila hatua, tafadhali.