Droni ya harusi, Remote ID na macho ya serikali

SWALI: Mhariri, nipo Columbus, Ohio. Napiga video za harusi kwa malipo, kwa droni ya gramu 249. Naambiwa Remote ID, yaani kitambulisho ambacho droni hukitangaza hewani, ni lazima, na kwamba serikali itanifuatilia kila niendako. Naweza kuizima?
– Msomaji, Columbus

JIBU: Usiizime, ndugu. Msamaha wa chini ya gramu 250 ni wa wanaorusha kwa burudani tu. Ukishalipwa unaangukia kanuni za Part 107, zinazohusu kurusha droni kikazi: cheti cha rubani, kila droni isajiliwe peke yake FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani (dola 5, miaka 3), na kitambulisho kiwe hewani tangu droni inapopaa hadi izimwe.

Kinachotangazwa ni namba ya kifaa, kimo, kasi, saa, mahali droni ilipo na mahali uliposimama na rimoti. Jina lako halimo. Lipo kwenye daftari la FAA, na polisi wanaweza kuliomba. Rasimu ya kanuni ya Remote ID ya 2019 ilitaka taarifa zipitie intaneti pia, jambo ambalo lingekuwa ufuatiliaji hasa. Kanuni ya Januari 2021 ikalifuta. Yamebaki mawimbi ya Wi-Fi au Bluetooth, yanayodakwa na aliye karibu. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya Washington DC ilikataa hoja ya faragha katika kesi ambayo RaceDayQuads, wauzaji wa droni za mashindano, waliifungulia FAA. Kwa maoni yetu, wa kumhofia zaidi ni jirani mwenye hasira: kwa programu ya simu anaona uliposimama. Nenda na msaidizi.

Linalowaponza wapiga harusi ni wageni walio chini. Juu ya watu, droni nyepesi inaruhusiwa isipozidi pauni 0.55, yaani takriban gramu 249, pamoja na kila kilichofungwa juu yake, na mapanga yake yasiweze kukata ngozi. Kama mapanga ya droni yako yako wazi, basi hairuhusiwi. Ukifunga vikinga, uzito umepita. Vivyo hivyo betri kubwa, au kifaa cha kitambulisho cha kubandika. Kwa hiyo piga kutoka pembeni, kabla wageni hawajakusanyika.

Kama droni ina kitambulisho cha kiwandani, andika FAA namba yake ya Remote ID, ambayo wakati mwingine si ile ya kwenye boksi. Ukibandika kifaa, andika namba ya kifaa hicho. Hapo kitatangaza ulipopaishia droni badala ya uliposimama.