Neno "smart": kutoka maumivu hadi suti

Hoteli ya Westlands ikitangaza kwamba inatafuta kijana "smart", Mnairobi anapiga shati pasi. Tangazo hilohilo likitoka kwa kampuni ya Kimarekani, linaomba mtu mwenye akili. Hakuna aliyekosea hapo, ila anayetafsiri bila kuuliza ni nani anayesema huandika "mwerevu" mahali ambapo mwajiri alitaka kola safi na viatu vinavyong'aa.

Anzia kwenye shina. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa smeart, nalo lilisemwa juu ya kitu kinachouma, kama pigo la kiboko au jeraha. Ndugu zake hawajahama: Schmerz ya Kijerumani ni maumivu hadi leo, na smart ya Kiholanzi ni uchungu. Wanaisimu hulihusisha pia na mordere ya Kilatini, kung'ata. Sisi hilo halitushangazi, maana mbwa huuma na jino huuma kwa kitenzi kimoja. Kiingereza chenyewe kimeihifadhi maana hiyo kwenye kitenzi. Ukikutana na "my eyes smart", iwe ni kwa vitunguu au kwa vitoa machozi pale Moi Avenue, usitafute unadhifu wowote. Andika "macho yananiwasha".

Pigo linalouma ni la haraka na la nguvu, kwa hiyo kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limeshika wepesi: "a smart pace" ni mwendo wa kasi. Karne ya 17 wepesi huo ukaingia kwenye akili, na mwanzoni mwa karne ya 18 kwenye mavazi. Kiswahili kina njia karibu hiyohiyo katika "-kali": kisu kikali, pilipili kali, mwanafunzi mkali wa hesabu, ngoma kali. Anayefundishwa kwa kuanzia hapo hana haja ya kukariri orodha ya maana. Hata ule ujuba anauelewa: mzazi akisema "don't get smart with me", hamsifu mtoto, anamkanya kwa majibu yake ya kijeuri.

Kwenye kutafsiri, nguo na suti hazina taabu: nadhifu au maridadi. Kwa mtu, mwelekeo wa kawaida ni kwamba Mwingereza, na Mkenya aliyefundishwa Kiingereza chake, anasema mavazi. Mmarekani anasema akili. Lakini vijana wa Nairobi wamekulia kwenye filamu za Marekani, hivyo soma sentensi nzima. "Presentable" ikiwa karibu, ni mavazi. "Smart casual" kwenye kadi ya mwaliko inataka shati la kola, suruali ya kitambaa na viatu vilivyofungwa. Tai si lazima. Jezi na ndara zibaki nyumbani.

Vifaa vina maana yao: chombo chenye kompyuta ndani. Matumizi haya yalienea miaka ya 1970 kupitia mabomu ya Marekani yaliyoongozwa kwa leza katika vita vya Vietnam, na simu zikafuata miaka ya 1990. "Simu janja" na "simu mahiri" zote zinaeleweka. Chagua moja uishike hadi mwisho wa kazi. Na ukienda Luthuli Avenue kununua TV, kumbuka kwamba "digital" si "smart". Ya kwanza hunasa mawimbi ya dijitali tu, ya pili huingia kwenye intaneti na kuendesha programu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiunganishe na intaneti ya simu yako na afungue YouTube mbele yako.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye maandiko ya miradi ya mashirika: "SMART objectives". Hicho si kivumishi hata kidogo. Ni herufi za mwanzo za maneno matano yaliyopangwa na George T. Doran mwaka 1981, na "malengo erevu" ni tafsiri isiyo na maana. Acha herufi kama zilivyo, kisha zifafanue zote zinapotokea mara ya kwanza: lengo liwe mahususi (S), lipimike (M), liwezekane (R), liwe na muda (T). Iliyobaki ni A, nayo ichunguze kwanza kwenye waraka wenyewe, kwa sababu kwa Doran ilidai lengo lipewe mtu wa kulitekeleza, ilhali wafadhili wengi wa leo huisoma kama lengo linalofikika.