Bima ya ndege ya kurusha watalii: anza na ukurasa wa rubani, bei baadaye

Mkuu umeuliza kama bima uliyonayo kwenye Cessna 206 yako, ile ya matumizi binafsi, inatosha ukianza kurusha watalii kutoka Arusha kwenda kuangalia Kilimanjaro na Lengai kwa juu halafu mnarudi. Haitoshi, na nakuomba usirushe hata mtalii mmoja aliyelipa kabla hujaibadilisha. Nimekaa oparesheni ya kampuni ndogo ya ndege hapa Arusha miaka tisa, klemu (madai ya bima) mbili nimezishughulikia mwenyewe mwanzo mwisho, moja ililipwa, moja ikagoma.

Tuanze na hilo la matumizi. Kwenye mkataba kuna mstari unasema ndege inatumika kwa kazi gani, ukishapokea hela ya abiria wakati pale pameandikwa binafsi basi umetoka nje ya mkataba, na usidanganywe na watu wanaosema andika tu "mchango wa mafuta". TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nao kwenye leseni ya biashara wanataka waione bima ya biashara. Broka wako, yule dalali wa bima, mwambie kwa maandishi kila kitu, kwamba ni kutalii angani, mnashuka chini kiasi gani, mlango mnautoa kwa ajili ya wapiga picha au hamtoi, viwanja gani vya udongo mnatua. Usimfiche chochote ili bei ishuke.

Sasa hii iliyogoma. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, wageni wamejaa, rubani wetu kaamka na malaria. Bosi akampigia kijana mmoja rubani mzuri tu, leseni yake ya biashara iko sawa, medikali (cheti cha afya) iko sawa, na mimi nikauliza kuhusu bima, jibu likawa tutatuma imeili Jumatatu. Akapeleka wageni wanne Ziwa Natron. Wakati anatua kwenye kiwanja cha udongo tairi la mbele likaingia kwenye shimo la muhanga, mguu wa mbele ukakunjika, propela ikapiga chini mpaka ncha zikajikunja kama majani ya mgomba yaliyokauka. Watu wote walitoka wazima, mama mmoja tu alipasuka juu ya jicho akashonwa. Ila propela ikishagonga ardhi huku injini inazunguka, hiyo injini lazima ifunguliwe yote ikaguliwe ndani, hakuna njia ya mkato, na hapo ndipo hela inapoenda.

Asesa, mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima, alivyokuja kitu cha kwanza aliomba logibuku ya rubani, daftari la masaa aliyorusha. Kijana alikuwa na masaa 410. Mkataba wetu ulitaka 500, na 25 kati ya hayo yawe kwenye 206. Tukajitetea kwamba lile shimo hata rubani wa masaa elfu kumi angeingia, hawakusikia. Barua ya kukataa ilikuwa aya mbili. Ndege ilikaa chini zaidi ya mwaka, mafundi wawili wakaachishwa kazi, na yule kijana mpaka leo roho inaniuma nikimkumbuka maana yeye alikuja kutusaidia.

Na ujue kwanini imeili ya Jumatatu haisaidii. Kwa sheria ya bima ya 2009 huwezi kwenda kukata bima nje moja kwa moja hivi hivi, unapita kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima, lakini hatari ya ndege ni kubwa kwa kampuni ya hapa kuibeba peke yake kwa hiyo sehemu kubwa inasukumwa kwenye bima mtawanyo, yaani kampuni ya bima nayo inajikatia bima kwa wengine, mara nyingi inaishia London, na wale wa kule ndio wanaoamua. Ukitaka kuongeza rubani ombi linatoka kwako kwenda kwa broka, kwenda kampuni, kwenda London, na Jumamosi hakuna wa kujibu. Kwa hiyo marubani wa akiba waingize majina mapema, msimu haujaanza, na usirushe mpaka uwe na jibu la maandishi mkononi.

Kuhusu kiasi, usiangalie thamani ya ndege tu. Watu wengi wanaijali bodi, ndege yenyewe, kwa sababu wanaiona, ila kinachoweza kukufilisi ni abiria. Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu fidia za abiria wa ndege, ambao Tanzania imo, ni wa safari za kimataifa, kwa hiyo ukizunguka Meru na kurudi Arusha haukugusi, ukipeleka mgeni uwanja wa Wilson, Nairobi, unakugusa. Lakini utumie kama kipimo: tangu mwisho wa Desemba 2024 ngazi ya kwanza ya fidia ni SDR (kipimo cha fedha cha IMF) 151,880 kwa abiria mmoja, takriban dola laki mbili, na kuzidi hapo bado unaweza kudaiwa kama ni uzembe wako. Viti vitano mara laki mbili ni milioni nzima, hujagusa mtu wa chini wala nyumba yake. Mtu akikuuzia limiti ya milioni moja muulize kama ndani yake kuna kikomo kwa kila kiti, maana kwenye zile za bei rahisi huwa kipo na kinaandikwa kidogo kidogo.

Vurugu, mgomo na mtu kukuharibia ndege kwa makusudi vinaondolewa kwenye bima na kifungu AVN 48B cha mkataba, unavinunua tena pembeni. Injini kuchoka yenyewe hailipwi, hilo sahau.

Ile iliyolipwa ilikuwa tai, aligonga bawa tukitoka Seronera, Serengeti. Kilichotuokoa ni karatasi ya uzito. Arusha iko karibu mita 1,400 juu, mchana joto likipanda 206 iliyojaa inapata shida kuinuka, kwa hiyo tulikuwa tunampima kila mgeni na begi lake la kamera kwenye mizani pale mlangoni, wengine wananuna, na namba inaandikwa kwa kalamu palepale. Asesa alikaa nayo ile karatasi akajumlisha mwenyewe mara mbili, akaikunja, akasema sawa tuendelee na ndege.

Piga picha ukurasa wa matumizi na ukurasa wa marubani wa mkataba wako, ziba majina na namba ya ndege, weka hapa. Nitausoma mstari kwa mstari kabla hujampigia broka.