Waridi Lako Litapanda Meli

Wewe uliyeshuka matatu Karagita juzi na begi moja, ukaambiwa Jumatatu uripoti kwa shamba la maua, nisikilize kidogo. Nimesimama kwenye meza ya gredi, pale maua yanapopangwa kwa urefu na ubora, miaka tisa hapa Naivasha. Bahari sijawahi kuiona, lakini siku hizi ndiyo bosi wangu.

Zamani ua lilikatwa asubuhi, usiku liko Nairobi, likapanda ndege, na baada ya siku mbili tatu linauzwa Uholanzi. Ukikosea, kosa lako lilijitokeza likiwa tayari mezani kwa mtu. Sasa sehemu ya mzigo hushuka Mombasa na kuingia melini, ndani ya kontena lenye baridi ya karibu nusu digrii juu ya sifuri. Safari ya kupitia Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez ni kama mwezi mzima. Meli zilipoanza kushambuliwa huko mwishoni mwa 2023, nyingi zikazunguka kwa Rasi ya Tumaini Jema, kule chini Afrika Kusini. Ongeza wiki mbili hivi.

Kwa hivyo kabla ya kujua majina ya mawaridi, ogopa maji. Ua la kuvuka bahari halitaki hata tone kwenye petali. Kuna ukungu wa kijivu tunaouita botritisi, na mbegu zake ziko hewani, ziko hata juu ya ua unaloliona safi. Zinangoja unyevu tu. Baridi haiziui, inazichelewesha. Ndiyo maana utakatazwa kuvuna ua lenye umande, na ndiyo maana watu watakufokea ukiacha mlango wa chumba cha baridi wazi: ua baridi likikutana na hewa ya joto hutoa jasho, kama soda iliyotoka kwenye friji.

Mwaka wangu wa pili nilifunga mashada yenye unyevu kwa sababu basi la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi. Wiki tano baadaye supavaiza akanionyesha picha kwenye simu. Vichwa vya maua vilikuwa kama vimevaa sufi ya kijivu. Kila shada lina namba ya aliyelifunga, na ile ilikuwa yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, basi lilikuacha?"

Urefu wa shina, sentimita 40, 50, 60, mkono utazoea wenyewe. Miiba nayo usiivute. Ya waridi imeota kwenye ngozi ya shina, haikutoka ndani ya mti, kwa hivyo ukiisukuma kando inabanduka safi. Ukiivuta unachuna ngozi, na palipochunwa ukungu hupata mlango.

Halafu usidhani waridi na bahari vimejuana jana. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba waridi lilizaliwa Afrodita alipotoka kwenye povu la bahari, na Botticelli, mchoraji wa Italia, akamchora miaka ya 1480 mawaridi yakimwangukia juu ya mawimbi. Mimi kinachonigusa zaidi ni kisa cha meli. Mawaridi mengi ya Ulaya yalichanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Yale ya kuchanua tena na tena yalisafirishwa kutoka Uchina mwishoni mwa karne ya 18, yakachanganywa na ya huko, na kizazi chake ndicho hiki tunachokata Januari hadi Desemba. Bila meli zile, Agosti ungekuwa nyumbani Kakamega bila kazi. Tena kuna waridi la pwani za Japani ambalo matunda yake huelea baharini hadi yapate ufuo mwingine. Hilo halijui kontena wala gredi!

Jumatatu njoo na sweta nzito, na soksi mbili. Watu huja Naivasha wakiwaza jua na viboko wa ziwani, kisha wanapangiwa chumba cha baridi.