Kwa mdogo wangu wa Dodoma unayetaka kucheza nje

Wewe unayecheza mpira wa ndondo Chamwino, Bahi, Kongwa au hapa mjini na unaitaka Ulaya, suala la miguu nakuachia wewe na kocha wako. Mimi kazi yangu ni usajili, na huko nimeona vijana wazuri sana wakikwamia kwenye karatasi.

Anza na tarehe ya kuzaliwa. Kijana anakaa mbele yangu na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa kinasema 2005, cheti cha shule ya msingi kinasema 2003, na NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, wamefuata cha shule. Kwenye kimoja ni Musa, kwenye kingine ni Mussa, jina la babu liko huku, kule halipo. Mpaka amalize kuzunguka RITA wanaosajili vizazi, NIDA na Uhamiaji, dirisha la usajili limeshafungwa na klabu imeshachukua mwingine. Haya yarekebishe leo, ukiwa bado hujulikani na hakuna anayekusubiri.

Atakayekushauri upunguze umri, mkatalie hata kama ni kocha unayemheshimu. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda AFCON ya vijana kule Gabon baada ya Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa, kuondolewa na CAF kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo cha MRI cha umri. Timu nzima ya watoto wa watu ilibaki nyumbani kwa sababu ya mmoja.

Na kama hujafika miaka 18, FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusu mpira. Kelvin John alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021 alipotimiza umri huo. Kwa hiyo anayemwambia mama yako kwamba klabu ya Ulaya itamsajili mtoto wa miaka 16 wiki ijayo, aulizwe ni kwa kipengele gani.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na mkataba wake na wewe hauzidi miaka miwili. Malipo yake yanatokana na dili likikamilika. Anayetaka hela ya majaribio na viza kwanza, mpaka baba anawaza kuuza ng'ombe au shamba la zabibu, achana naye. Hili linaniuma kuliko yote, maana wanaoumia ni familia nzima.

Usidharau kuanzia Afrika. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinasikika mitaani. Alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Januari 2016 akaenda Genk, na Januari 2020 akatua Aston Villa.

Sasa mkataba, na hapa tulia. Utaletewa kwa Kifaransa, Kiarabu au Kituruki, na watu watakuharakisha usaini kwa sababu mpiga picha anasubiri. Omba tafsiri, lala nayo usiku mmoja. Uliza kama mshahara ulioandikwa ni kabla au baada ya kodi, nyumba analipa nani, tiketi ya kurudi likizo ni ya nani, na ukivunjika mguu unatibiwa na nani. Ahadi ya mdomoni ya rais wa klabu ihesabu kuwa haipo mpaka iandikwe.

Mshahara ukichelewa, usifunge begi kimya kimya ukarudi Dodoma, kwa sababu klabu itasema umetoroka na wewe ndiye utadaiwa. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikunyima bila sababu halali angalau mishahara miwili ya mwezi, unaiandikia rasmi ukiipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Siku zikipita bila malipo, unakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba, na unaweza kufungua madai FIFA. Katika muda huo endelea kwenda mazoezini. Tunza taarifa za benki, meseji za meneja na nakala ya mkataba wenye sahihi za pande zote. Simu huibiwa na huanguka, kwa hiyo nakala nyingine iwe kwa dada au kaka hapa nyumbani, anayejua kusoma kilichoandikwa na anayepokea simu usiku.