Toleo jipya limeua mchezo? Soma hii kabla hujakosana na watu wako

Juzi nimepata meseji ya msomaji mmoja ako Eldoret, ananiambia kaka nimeweka hela ninunue kampeni moja kubwa nianzishe kundi langu, lakini kila nikisoma maoni naona watu wanatukanana, huyu anasema la zamani ndo lenyewe, yule anasema jipya, sasa nishike lipi? Alikua anauliza kuhusu Masks of Nyarlathotep. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu sijamjibu, manake hiyo kampeni imenipa furaha kuliko zote nilizowahi kuendesha, na ndo hiyohiyo iliyonikosanisha na mtu niliyemheshimu sana.

Kwa wageni kidogo tu. Hii ni michezo ya mezani ya kuigiza, kila mchezaji anashika mhusika, mmoja anaendesha hadithi, dadu zinaamua, na kampeni ni hadithi ndefu ya vikao vingi. Masks ilitoka 1984, waliiandika Larry DiTillio na Lynn Willis kwa mchezo wa kutisha unaoitwa Call of Cthulhu. Wachunguzi, yani wahusika wa wachezaji, wanaanzia New York, Januari 1925, wanafuata nyayo za msafara wa matajiri uliopotelea hapa kwetu Kenya 1919, wanapita London, Cairo, Kenya, Shanghai mpaka Australia. Mwaka 2018 wachapishaji wake Chaosium wakaitoa upya, vitabu viwili vinene vya rangi, na wakaongeza mwanzo ambao haukuwepo kabisa, Peru 1921. Hapo ndo kelele zilianza. Wengi walifurahi, lakini kuna wazee wa mchezo waliona nyumba yao imeingiliwa.

Mmoja wao ndo aliyenifundisha. Ananipita miaka kumi na kitu, alikua na kitabu cha zamani kurasa zimelegea, na mimi nilianza kucheza kwa dadu za kuazima kwake. Niliposema naendesha toleo jipya akakubali kuja kucheza, nikafurahi kama mtoto. Usiku wa kwanza tuko Peru, akasema mbele ya wote, "Hii ni nini? Masks inaanza na maiti hotelini." Nikameza.

Lakini sikilizeni, hapa ndo naona watu hawaelewi. Kwa toleo la zamani, mwandishi Jackson Elias anakuita, unaambiwa ni rafiki yako, unafika hotelini ameuawa. Rafiki gani? Hujawahi kumsikia akiongea! Nimeona wachezaji wanapekua mifuko ya yule marehemu kama wanatafuta chenji. Kwa toleo jipya umeshatembea naye Peru, umekula naye, amekucheka ulipoogopa, afu miaka minne baadae unafungua ule mlango. Kwetu dada mmoja aliweka dadu chini akasema, "Si Jackson, tafadhali." Hakuna aliyeongea kwa muda. Sijawahi kupata kimya kama kile na nimeendesha michezo miaka mingi.

London na Cairo niziruke, zilienda vizuri.

Kenya ndo ilituvunja. Mimi ni mtu wa Mombasa, babu yangu alifanya kazi ya reli, kwa hivo safari ya treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi niliiandaa wiki tatu nzima, na najivunia sikatai. Kuna pia Johnstone Kenyatta mle ndani, ndio, Jomo mwenyewe kabla hajajiita Jomo, na kwa vile miaka hiyo alikua anasoma mita za maji za manispaa ya Nairobi, nikamfanya aingie na daftari la mita mkononi. Wachezaji walipiga makofi.

Sasa kwenye vile vipande vya gazeti unavyowapa wachezaji, kuna habari kwamba Wanandi walinyongwa kwa mauaji ya ule msafara, mauaji ambayo hawakufanya. Mchezaji wetu mmoja kwao ni Kapsabet, kwa Wanandi. Alisoma, akauliza, "Nani aliwahukumu?" Nikafunga kitabu. Nikawaeleza habari za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kilivyokua kinaning'inia shingoni mwa watu. Wachunguzi wakaamua watatafuta familia za wale walionyongwa. Hiyo haiko kitabuni, tuliitunga wenyewe, na kwangu ndo usiku bora wa kampeni nzima.

Yule mzee aliyenifundisha akasimama. Akasema mchezo ni wa kutisha sio darasa la historia, kwamba hawa wa toleo jipya wamelainisha kila kitu na mimi nimeongezea maji. Akaenda. Kesho yake akaandika kwa grupu kwamba nimeua Masks. Nami nikamjibu hapohapo mbele ya watu wote, maneno makali, ya mtu aliyenifundisha kushika dadu. Nilikosea. Nilitakiwa nimpigie simu. Bado inaniuma, na hajarudi.

Kwa hivo ushauri wangu, endesha kwanza ndo useme. Usichukue hasira ya mtu mwingine ukaifanya yako. Ni vilevile kwa mchezo mwingine wa aina hii, Dungeons & Dragons, hadithi ya Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman ilitoka 1983, ikarudi 2016 kama Curse of Strahd, na 2020 walipobadilisha walivyoandikwa Wavistani, wale watu wa kuhamahama wa mle ndani, wachezaji wakagawanyika vilevile. Tomb of Horrors, hadithi nyingine ya mchezo huohuo ya 1978, iliporudi 2017 wazee wakalalamika wahusika wa siku hizi hawafi kirahisi. Sawa, unataka wafe? Waue! Kitabu hakikushiki mkono. Cha zamani hakijachomwa, kiko kabatini, kitoe. Acheni kuabudu karatasi jamani, na nyinyi wa toleo jipya acheni kuwaita wazee majina, wale ndo waliotunza huu mchezo wakati hakuna aliyeujua. Endesha kwanza. Nasema tena, endesha kwanza.

Sisi tulimaliza baada ya miezi kumi na minne, wachunguzi wawili wazima kati ya tisa waliopita mikononi mwetu.

Ndugu wa Eldoret, chukua la 2018. Usiruke Peru hata wakikuambia wana haraka, na mpe Jackson sauti yako nzuri kuliko zote. Ukiwa na rafiki mwenye la zamani muombe akuazime vilevile, muulize yeye alipenda nini kabla hamjaanza, mimi sikuuliza. Ukifika Kenya kaa na wazee wa kwenu uwaulize waliyosikia kwa wazazi wao, andika. Na ukikwama kwenye ile treni niandikie, nitakutumia maandalizi yangu yote.